Somo la Ufundi: Kutoa Bolti Iliyokatika Kwenye Usukani wa Pikipiki



Somo hili ni lako wewe unayeendesha boda hapa Nakivale, au uliyemkabidhi kijana wako pikipiki ili watoto wapate sabuni na daftari. Linakufaa pia wewe fundi mdogo unayekaa chini ya mti na kisanduku chako cha spana. Tuseme bolti ya usukani imekatika. Kichwa kimebaki kwenye spana, na mwili wake umebaki ndani ya chuma. Utafanya nini?

Kwanza tuelewane kwa majina. Usukani ni lile bomba lililopinda ambalo dereva hulishika kwa mikono miwili. Kwenye pikipiki nyingi tunazotumia, bomba hilo hulala juu ya vitako viwili, kisha hufunikwa na vibano viwili kutoka juu. Kila kibano kina bolti mbili, moja mbele na moja nyuma. Jumla ni nne, na hizo nne ndizo zinazofanya gurudumu la mbele lifuate mikono yako. Pikipiki nyingine zina kibano kimoja kipana badala ya viwili, lakini kazi ni ile ile.

Wapo wanaosema, "Zimebaki tatu, zitanifikisha." Ndugu, kibano chenye bolti moja hakibani. Huinuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria. Kwenye njia tambarare hutaona tofauti yoyote. Utaiona siku utakapofunga breki ghafla kwenye mteremko wa kutoka Rubondo, uzito wako wote uende mikononi, usukani uzunguke kwenda mbele, na wewe na mama uliyembeba mfuate huko huko. Kufunga kwa mpira wa tairi la ndani hakusaidii, maana mpira huvutika. Kwa hiyo tangu bolti ikatike, pikipiki isukumwe, isipandwe.

Tunajua maana ya maneno hayo. Siku bila safari ni siku bila fedha, na wengi mnadaiwa hesabu ya kila wiki na mwenye pikipiki. Ndiyo sababu haraka inaingia. Lakini bolti ni kitu cha bei ndogo. Kinachokula siku zako na fedha zako ni kitako kilichoharibiwa na mtu aliyetaka kuitoa ile bolti kwa dakika kumi.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu huyo. Nilipokuwa ninajifunza kazi, niliachiwa pikipiki yenye bolti iliyokatika usawa wa kitako. Nilikuwa na kile chuma chenye meno ya kuzunguka kinyume ambacho mafundi hukitumia kuchomoa bolti. Nilitoboa tundu dogo, nikakiingiza, nikazungusha. Bolti ilikataa. Badala ya kusimama na kufikiri, niliongeza bomba kwenye mpini. Kile chuma kikakatikia ndani ya bolti. Chuma hicho ni kigumu kuliko biti za kawaida za drili, hakitoboki. Kazi ya asubuhi moja ikawa siku kumi na mbili za kusubiri kipande kipya, na mwenye pikipiki alikuwa akija kila jioni kunitazama bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

ANGALIA KABLA YA KUGUSA

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali palipo sawa. Zima moto, funga petroli, tandika kitambaa kizito juu ya tangi. Fungua bolti zilizobaki taratibu, kila moja nusu mzunguko kwa zamu, ili ile iliyobaki peke yake kwenye kibano isipate mzigo wote na kukatika nayo. Kabla ya kuinua vibano, chora alama kwa chaki au msumari: kipi cha kushoto, kipi cha kulia, upande gani ni mbele. Mara nyingi kuna nukta au mshale uliotiwa kiwandani. Tafuta, usifute.

Laza usukani juu ya kitambaa bila kuvuta waya za klachi, akselereta na breki. Kama breki ya mbele ni ya mafuta, kile kikopo chake kisiinamishwe wala kupinduliwa, hewa itaingia na breki itakuwa laini. Tena mafuta hayo hula rangi.

Sasa tazama bolti yenyewe. Hapa wengi hupata faraja ambayo hawakuitegemea. Bolti ikikatika chini ya kichwa, ukishaondoa kibano utakuta mwili umechomoza juu ya kitako kwa karibu sentimita moja au zaidi, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya kibano. Tena, kichwa kikishatoka, ule mvuto uliokuwa umeikaza bolti umekwisha. Kama hakuna kutu, mara nyingine hutoka kwa vidole. Usianze kutoboa kitu ambacho kingetoka kwa vidole.

Chungulia pia chini ya kitako. Je, tundu limetokeza upande wa pili? Likiwa wazi, unaweza kutia mafuta kutoka chini pia, na wakati mwingine kuizungusha bolti kutokea huko. Na je, kitako kimeshikwa kwa nati kutoka chini ya bamba linaloshika shokapu za mbele? Basi kinafunguka. Kitoe, ukifunge kwenye jiliwa, ufanyie kazi mezani. Kazi ya mezani ni nusu ya kazi ya juu ya pikipiki. Ikiwa kitako ni kitu kimoja na bamba, itakubidi ufanye kazi hapo hapo, basi funika tangi, taa na waya vizuri.

MAFUTA NA SUBIRA

Piga mswaki wa waya kuzunguka bolti uondoe vumbi na kutu. Tia dizeli au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Kama duka lina dawa ya kulegeza kutu ya kopo, ni bora zaidi. Gonga kichwa cha bolti iliyobaki kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya kama dakika moja. Lengo ni kuitikisa kutu ipasuke na mafuta yapate njia, si kuipinda bolti. Tia mafuta tena, uache mpaka kesho. Ndiyo, mpaka kesho. Usiku mmoja wa mafuta hufanya kazi ambayo mkono wenye hasira hauwezi. Jiko liwe mbali, na mafuta yasidondokee diski wala viatu vya breki.

IKIWA IMECHOMOZA

Tafuta nati mbili za kipimo kile kile. Zungushia ya kwanza, kisha ya pili juu yake, uzikaze moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili mpaka zishikane. Sasa weka spana kwenye nati ya CHINI, uzungushe kinyume cha mshale wa saa. Ukizungusha ya juu, utaifungua hiyo peke yake na bolti itabaki inakutazama.

Kama hapana nafasi ya nati mbili, sugua pande mbili za bolti kwa tupa mpaka ziwe bapa, uishike kwa spana au kwa plaizi ya kujifunga. Kwa njia yoyote, usivute upande mmoja tu. Fungua robo mzunguko, rudisha kidogo, tia mafuta, fungua tena. Ukisikia inalia kama mlango wa zamani ni dalili njema. Ukihisi inapinda kama nta bila kuzunguka, simama, maana iko karibu kukatika mara ya pili, na safari hii itakatika chini zaidi.

IKIWA IKO USAWA WA KITAKO AU NDANI

Jaribu njia za upole kwanza. Tindo nyembamba au panchi iliyonolewa huwekwa karibu na ukingo wa bolti, si katikati, na kugongwa kwa kuinamisha upande wa kufungulia. Ikianza kusogea hata kidogo, endelea hivyo hivyo. Kama kuna kimo kidogo juu, kata mfereji kwa msumeno wa chuma, uingize bisibisi pana.

Joto ni msaidizi mkubwa, lakini linataka akili. Vitako vingi ni vya alumini na bolti ni ya chuma. Alumini hupanuka kama mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kwa hiyo pasha kitako, usipashe bolti. Tundu litafunguka zaidi kuliko bolti inavyonenepa. Fanya hivi kwa kipande kilichotolewa kwenye pikipiki tu. Kukileta kibiriti karibu na tangi ni kucheza na maisha ya jirani zako pia, kwa jinsi nyumba zetu zilivyosongamana. Weka kipande juu ya bati lililo juu ya mkaa. Tone la maji likichemka na kutoweka mara moja, inatosha. Usisubiri kiwe chekundu! Alumini haikuonyi kwa rangi kama chuma. Huyeyuka karibu na nyuzi joto 660, na hupoteza nguvu zake mapema zaidi ya hapo. Kikiwa cha moto, gusisha mshumaa kwenye mzingo wa bolti. Nta itayeyuka na kunywewa na meno. Kisha jaribu kuzungusha kingali na joto, ukivaa kitambaa kizito mkononi.

KUTOBOA

Hii ni njia ya mwisho kwa mtu mwenye vifaa vya mkono. Kwanza jua kipimo. Bolti ambayo kichwa chake kinaingia spana ya 12 au 13 kwa kawaida ni ya milimita 8, yaani M8. Ya spana ya 10 kwa kawaida ni M6. Ikiwa ni ya tundu la pembe sita, ufunguo wa 6 ni wa M8, wa 5 ni wa M6. Pima na bolti nzima iliyobaki, usikisie.

Sawazisha uso wa bolti kwa tupa. Weka alama ya panchi katikati kabisa. Tumia muda hapa, hata nusu saa. Biti ya drili hupenda kukimbilia mahali laini, na alumini ni laini kuliko bolti. Alama ikiwa pembeni kidogo, tundu litaingia kwenye ukuta wa kitako na meno yatakwenda. Anza na biti ya milimita 3, kasi ndogo, oili mara kwa mara, na mtu mwingine asimame kando akuambie kama drili imeinama. Wewe unayetoboa huwezi kuona.

Ukipata biti za kuzunguka kushoto, zitumie. Zinatoboa kwa kuelekea upande wa kufungulia, na mara nyingi bolti hutoka yenyewe katikati ya kazi. Ukitumia kichomoa bolti, fuata kipimo cha tundu kilichoandikwa juu yake, uzungushe kwa mkono, bila bomba. Kikikataa, kitoe, rudi kwenye mafuta na joto. Mnajua yaliyonipata.

Ikishindikana kabisa, panua tundu hatua kwa hatua mpaka milimita 6.8 kwa M8, au 5 kwa M6, usizidi hapo. Kama ulikuwa katikati, bolti itabaki kama uzi uliojiviringisha ndani ya meno, na unaweza kuutoa kwa sindano ngumu au kwa tapu ya kuchonga meno.

Macho! Vaa miwani, hata ya jua. Chembe ya chuma ikiingia jichoni usisugue wala usimwite mwenzako aitoe kwa ncha ya kitambaa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

KWA MCHOMELEAJI

Mchomeleaji hodari anaweza kuweka nati juu ya bolti iliyovunjika na kuijaza katikati. Joto huilegeza, na nati inakuwa kichwa kipya. Ni njia nzuri kwa bolti iliyochomoza kidogo. Mpelekee kipande peke yake. Ikilazimu apeleke umeme kwenye pikipiki nzima, tangi litoke na kuwekwa mbali, betri ifunguliwe waya zote mbili ukianza na ya hasi, na waya wake wa kurudishia umeme ushikwe karibu kabisa na mahali pa kazi, umeme usipitie beringi za usukani. Asikubali kuchomelea kibano na usukani viwe kitu kimoja. Nimeona kazi hiyo. Inashika mpaka siku inapokatika, na bomba la usukani lililounguzwa hukatika bila kuaga.

Kabla ya kumlipa yeyote, uliza bei ya kitako kipya au hata cha mitumba huko Mbarara. Mara nyingine kipande ni rahisi kuliko ufundi. Kama meno yameharibika, yapo meno ya kupachika ya waya wa chuma ambayo gereji kubwa huyaweka, na hurudisha kipimo cha kwanza. Kupanua tundu liingie bolti nene zaidi hupunguza ukuta wa kitako, mimi siipendi.

KUREJESHA

Safisha meno. Huna tapu? Chukua bolti nzuri ya zamani ya kipimo hicho, ukate mfereji mmoja kwa urefu kwa msumeno, uipitishe kwa mkono kwenda na kurudi. Uchafu utakusanyika kwenye mfereji.

Nunua bolti ya urefu ule ule na nguvu ile ile. Tazama kichwani: 8.8 ni ya chuma kigumu, na kama ya zamani iliandikwa namba kubwa zaidi, tafuta hiyo. Isiyo na maandishi yoyote iache kwa kitanda na kiti. Bolti ndefu mno itagonga mwisho wa tundu kabla kibano hakijabana. Utadhani umekaza, kumbe usukani haujashikwa. Fupi mno itashika meno machache na kuyang'oa. Kwenye alumini, iingie angalau kama mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 12 kwa M8.

Ingiza zote nne kwa vidole kwanza. Rudisha vibano kwa alama ulizochora. Kwenye pikipiki nyingi ambazo nukta au mshale huelekea mbele, hukazwa bolti za mbele mpaka kibano kikutane na kitako, kisha za nyuma, na upenyo mdogo hubaki nyuma. Huo upenyo si kosa, usijaribu kuufunga kwa nguvu. Hapo ndipo bolti nyingi hukatika.

Na nguvu ya kukaza? Kwa M8 za usukani, pikipiki nyingi hutaka kati ya nyutoni-mita 20 na 25. Wachache wana spana ya kupimia, kwa hiyo fikiri hivi: spana ya sentimita 20, na mwishoni mwake mkono wako uvute kwa uzito wa jerikeni la lita 20 lililojaa maji nusu. Basi. Kwa M6, spana ya sentimita 15 na theluthi ya jerikeni. Anayetia bomba la sentimita 60 na kuegemea kwa kilo 40 ameikaza M8 karibu mara kumi ya inavyotakiwa, kama haijakatika kabla hajafika huko. Ukipaka oili au grisi kwenye meno, punguza mkono kidogo, kwa kuwa bolti yenye mafuta hukazika zaidi kwa nguvu ile ile.

Kisha jaribu. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, injini ikiwa inanguruma. Mlio usibadilike, waya zisivutwe. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, shika mikono yote miwili ya usukani, usukume chini na uvute juu kwa nguvu. Usisogee hata unywele. Funga breki ya mbele huku ukiisukuma pikipiki. Safari ya kwanza uende peke yako, bila abiria na bila gunia, taratibu mpaka njia panda na kurudi.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, pitisha spana tena kwenye zote nne kwa uzito ule ule wa nusu jerikeni. Ikiwa moja imesogea, ikaze na uiangalie tena jioni. Ikisogea mara ya tatu, meno ya ndani yamechoka, na kipande hicho kibadilishwe kabla hujapakia mtu.